Mkataba Unaoeleweka: Je, Wakili Chipukizi Afundishwe Kuuandika?

Katika mji wa Tunduma mtu aweza kutoka nchi moja na kuingia nyingine kabla hajamaliza mazungumzo aliyoyaanza. Upande huu ni Tanzania. Ng'ambo ya pili ni Nakonde, Zambia. Wanyamwanga wanaishi pande zote mbili, reli ya TAZARA imepita hapo tangu miaka ya 1970, na malori yaendayo Zambia na Kongo hupanga foleni hapo, ijapokuwa tangu mwaka 2019 pamekuwapo kituo cha pamoja cha forodha na uhamiaji. Penye biashara ya namna hiyo hapakosi mikataba: ya mahindi na ufuta, ya kahawa ya Mbozi, ya kukodi malori, ya kupangisha fremu za maduka, ya mikopo na ya viwanja. Mingi huandikwa kwa Kiswahili. Baadhi yake huandikwa na makarani wenye kompyuta na mashine ya kuchapia, na baadhi huandikwa na mawakili chipukizi, vijana waliotoka chuoni juzi ambao wakubwa wao huwaachia kazi hiyo kwa kuiona ndogo.

Makala haya yanakusudia kujibu swali moja: je, yafaa kijana huyo atengewe muda na gharama ili afundishwe kuandika mikataba kwa lugha wazi, au ni kumbebesha mzigo mwingine bure? Swali si la mzaha. Mawakili wengi wa siku nyingi husema kwamba kazi hii hujifunzwa kwa kunakili mikataba iliyotangulia. Tena kijana mwenyewe ana mizigo yake. Wasomaji watakumbuka matokeo ya Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo yaliyozua mjadala Oktoba 2022, ambapo kati ya watahiniwa 633 waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26 tu, hata Serikali ikaunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe kuchunguza jambo hilo. Anayetaka kumwongezea kijana huyo somo jingine hana budi kutoa sababu.

Tuanze na hali ya lugha yenyewe. Kwa muda mrefu Kiswahili kilikuwa lugha ya Mahakama za Mwanzo, lakini katika mahakama za juu yake mashauri yaliweza kusikilizwa kwa Kiswahili ilhali kumbukumbu na hukumu ziliandikwa kwa Kiingereza. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1, ambayo iliirekebisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, pamoja na kuacha nafasi ya kutumia Kiingereza inapobidi. Kazi ya istilahi ilikuwa imeanza zamani. Profesa A. B. Weston, mkuu wa kwanza wa Kitivo cha Sheria kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961, alishughulikia istilahi za sheria za Kiswahili, na orodha yake ikatoka mwaka 1968, mwaka mmoja baada ya Baraza la Kiswahili kuundwa kwa sheria. Kwa hiyo kijana wa leo hakosi maneno. Anaweza kufungua kamusi akapata jina la karibu kila kitu. Anachokosa ni namna ya kuyapanga maneno hayo ili watu wawili wasiofahamiana wayasome na kuelewa jambo moja.

Tutunge mfano. Tuseme mkulima wa Mbozi anamuuzia mfanyabiashara wa Nakonde mahindi, na kijana wetu anaandika hivi:

"Muuzaji atamkabidhi mnunuzi magunia 300 ya mahindi katika ghala lake kabla ya saa sita mchana tarehe 15 Julai, na fedha italipwa kwa kwacha ndani ya siku saba. Mkataba ukivunjwa, aliyeuvunja atalipa faini ya shilingi milioni tano. Mgogoro wowote utapelekwa kwenye usuluhishi."

Hapana neno gumu hapo. Mtoto wa shule ya msingi aweza kuusoma bila kukwama, na pengine kijana atasifiwa kwa ufupi. Lakini hebu tuuchunguze kama atakavyouchunguza mtu aliyekwisha kupata hasara.

"Ghala lake" ni ghala la nani? Kiambishi cha umilikaji katika Kiswahili hakisemi kinarejea kwa nani kati ya watu wawili waliotajwa. Katika mazungumzo macho na mkono humaliza shaka hiyo, lakini karatasi haina mkono. Hapa jambo lenyewe si dogo: ghala likiwa la muuzaji, nauli, ushuru na hatari ya safari ni juu ya mnunuzi, likiwa la mnunuzi huko Nakonde, vyote hivyo ni juu ya muuzaji. Silabi mbili zinahamisha gharama ya kuvuka mpaka.

"Gunia" ni kiasi gani? Mkulima wa upande wetu amezoea kulihesabu gunia la mahindi kwa kilo 100. Upande wa Zambia gunia la mahindi lililozoeleka ni la kilo 50. Na hatujaitaja lumbesa, gunia lililorundikwa na kushonewa kilemba juu, ambalo Wakala wa Vipimo hulipiga vita kila msimu lakini halijaisha. Magunia 300 yaweza kuwa tani 30, yaweza kuwa tani 15, na yaweza kuwa zaidi ya 30.

"Saa sita mchana" ni ya saa ipi? Hapa ndipo Tunduma inapotufundisha jambo ambalo mwalimu wa Dar es Salaam asingelikumbuka. Tanzania na Zambia hazifuati saa moja: ikiwa saa sita mchana Tunduma, Nakonde ni saa tano. Gari liliofika saa sita na nusu kwa saa za Tunduma limechelewa, lakini kwa saa za Nakonde limewahi kwa nusu saa. Isitoshe, sisi huhesabu saa tangu jua lichomozapo na wenzetu wanaoandika Kiingereza huhesabu tangu usiku wa manane. Akiandika "saa 6:00" kwa tarakimu bila neno "mchana", msomaji wa pili ataelewa alfajiri au magharibi.

"Fedha italipwa" na nani, na siku saba zinaanzia lini: siku ya kutia sahihi, ya kukabidhi mzigo, au ya kuupima? Kauli ya kutendwa ni nzuri kwa msimulizi, lakini ni mbaya kwa mwandishi wa mikataba, kwa maana humruhusu mtenda kutoweka. Na "kwacha" pia ina historia yake. Tarehe 1 Januari 2013 Zambia iliondoa sifuri tatu katika fedha yake, kwacha 1,000 za zamani zikawa kwacha 1 mpya. Jambo hilo limekwisha kupita, lakini anayenakili mkataba wa kale ili aokoe muda anaweza kunakili na tarakimu zake.

Sasa tufike kwenye maneno matatu yanayolihusu jarida hili hasa.

La kwanza ni "kuvunja". Katika Kiswahili cha kila siku tunasema mtu amevunja mkataba tunapotaka kusema hakutimiza ahadi yake. Lakini twasema pia "tumeuvunja mkataba" tukiwa na maana kwamba tumeumaliza, pengine kwa hiari ya wote. Hayo ni mambo mawili ambayo sheria huyatenga kabisa. Wa kwanza amekosa na anaweza kudaiwa. Wa pili ametumia haki aliyopewa na hadaiwi kitu. Mkataba usemao "aliyeuvunja atalipa" humtishia hata yule aliyetoa notisi kwa utaratibu. Istilahi za kutenganisha zipo: "kukiuka" kwa asiyetimiza, "kusitisha" kwa anayeumaliza kabla ya muda, "kubatilisha" kwa anayeufanya usiwe na nguvu. Tatizo ni kwamba vijana huzijua katika mtihani, na wakishika kalamu hurudia "kuvunja".

La pili ni "faini". Faini hutozwa na mwenye mamlaka. Watu wawili sawa hawatozani faini, hulipana fidia. Hili si suala la adabu ya lugha tu, kwani Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, katika kifungu cha 74, haimpi aliyekosewa kiasi chote kilichotajwa kana kwamba ni adhabu. Humpa fidia iliyo ya haki isiyozidi kiasi hicho. Mkulima aliyeandikiwa "faini ya milioni tano" huamini kwamba milioni tano ni zake tayari. Akienda mahakamani akapewa moja, huiona mahakama imemdhulumu, kumbe aliyemdanganya ni neno.

La tatu ni "usuluhishi", na hapa nakiri kwamba lawama si ya kijana. Tume iamuayo migogoro ya kazi huitwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Humo usuluhishi ni kuwakalisha watu wapatane bila kuwaamulia, na uamuzi ni kazi ya mtu wa tatu anayesikiliza na kukata shauri. Lakini sheria ya mwaka 2020 ihusuyo watu kuchagua mwamuzi wao nje ya mahakama, ambaye tuzo yake huwafunga, nayo huitwa kwa Kiswahili Sheria ya Usuluhishi. Neno moja, njia mbili zilizo mbali kama Vwawa na Dodoma. Mkulima aliyeandikiwa "usuluhishi" hajui kama amekubali kuzungumza tu au amekubali kufungwa na uamuzi wa mtu ambaye bado hajulikani, na huenda akaketi nchi nyingine. Wataalamu wa istilahi wasipoafikiana, mwandishi wa mkataba hana la kufanya ila kueleza kwa maneno mengi kile ambacho jina moja lingetosha.

Maneno ya namna hii ni mengi. "Dhamana" yaweza kuwa mali iliyowekwa rehani, ahadi ya mtu kumlipia mwenzake, au hakikisho la muuzaji kwamba bidhaa ni nzima, tena ndiyo impayo mshtakiwa ruhusa ya kukaa nje. "Kodi" ni malipo ya mpangaji kwa mwenye nyumba na pia ni tozo ya Serikali. Mikataba ya fremu husema "mpangaji atalipa kodi zote". Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo imekuwa ikikatwa katika ununuzi wa umeme wa LUKU, yaani mara nyingi huikatwa mpangaji anunuaye umeme ilhali jengo si lake. Na mpangaji mfanyabiashara hutakiwa kukata kodi ya zuio katika pango na kuipeleka Mamlaka ya Mapato. "Kodi zote" ni zipi katika hizo? Anayeandika "pango" kwa malipo ya mwenye nyumba na kuzitaja kodi za Serikali moja moja ameondoa ugomvi kwa mistari mitatu.

Tatizo jingine haliko katika kamusi hata kidogo. Sheria ya Tafsiri ya Sheria, kifungu cha 53, inaeleza kwamba katika sheria za Kiingereza neno "shall" ni lazima na neno "may" ni hiari. Mwanafunzi hulishika hilo. Lakini akifika kwenye Kiswahili hutumia kiambishi "-ta-" kwa yote: "atalipa", "atakagua", "atakaa". Je, "mnunuzi atakagua mzigo" ni wajibu wake, ni haki yake, au ni habari tu ya mambo yatakayotokea? Kiambishi cha wakati ujao hakibebi wajibu ila kwa msaada wa mazingira. Nilivyoona mimi, dawa ni rahisi: "anawajibika kulipa" au "lazima alipe" kwa wajibu, "ana haki ya kukagua" au "anaweza, akipenda, kukagua" kwa hiari, "haruhusiwi" kwa katazo, na "-ta-" iachiwe mambo ya baadaye peke yake. Kijana huweza kuelezwa hilo kwa nusu saa, lakini kulizoea kunataka wiki kadhaa za kusahihishwa.

Kuna pia ule mtindo wa kutafsiri kiunzi cha Kiingereza. Mikataba yetu huanza kwa "KWA KUWA" tatu au nne, halafu "SASA BASI MKATABA HUU UNASHUHUDIA KAMA IFUATAVYO". Mkataba haushuhudii, wanaoshuhudia ni mashahidi, na majina yao yako chini. Huko Uingereza kwenyewe, mwaka 1843 George Coode aliwaonyesha waandishi wa sheria kwamba sentensi ya sheria ina viungo vichache: hali inayohusika, sharti, mtu anayetakiwa kutenda, na tendo lenyewe. Tangu miaka ya 1970 mwendo huo umeenea kwa nguvu. Mwaka 1975 benki moja kubwa ya New York iliandika upya hati yake ya mikopo kwa lugha ya kawaida, na jimbo likafuata kwa sheria. Afrika Kusini iliweka katika sheria yake ya kumlinda mlaji ya mwaka 2008 sharti kwamba hati zieleweke kwa mlaji wa kawaida. Hatuna haja ya kuiga kila kitu, lakini yafaa kujua kwamba tunanakili mtindo ambao wenyewe wanauacha.

Hapa tuwarudie wazee wa kazi, maana hoja yao ina uzito. Husema: fomu za zamani zimepimwa mahakamani, kila neno lina hukumu nyuma yake, kijana akibadilisha neno huondoa ulinzi. Kwa mkataba wa Kiingereza hoja hiyo yaweza kuwa kweli. Lakini kwa mkataba wa Kiswahili haisimami. Kwa kuwa hukumu za mahakama za juu ziliandikwa kwa Kiingereza, sentensi ya Kiswahili iliyotafsiriwa katika fomu hizo mara nyingi haijapimwa na mtu yeyote. Iliyopimwa ni mama yake. Kijana anayeiacha hapotezi ulinzi, kwa kuwa haukuwapo. Na hatari ya kubaki nayo ipo ndani ya sheria: kifungu cha 29 cha Sheria ya Mikataba kinasema makubaliano ambayo maana yake haijulikani, wala haiwezi kujulikana, ni batili.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba mafunzo yanafaa, lakini si kila mafunzo. Semina ya siku moja ya kuambiwa "andikeni sentensi fupi" ni chai na cheti tu. Mfano wetu wa mahindi una sentensi fupi tupu. Yanayofaa ni ya kufanya kazi juu ya mikataba halisi, majina yakiwa yamefutwa, na kila zoezi lipite kwa msomaji asiye mwanasheria: dereva, mwenye ghala, mama wa dukani. Asiulizwe "umeelewa?", kwa kuwa kwa heshima atajibu ndiyo. Aulizwe nani anatakiwa kufanya nini, wapi, lini, na asipofanya itakuwaje. Akijibu tofauti na mwandishi alivyokusudia, aliyekosea ni mwandishi. Wasaidizi wa kisheria, waliotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, wangefaa sana kukaa katika meza hiyo, maana ndio huletewa karatasi baada ya mambo kuharibika.

Mipaka ya faida nayo isemwe. Mkataba wazi wa mkopo wa riba ya kunyonya unabaki wa kunyonya; watu wa mikopo ya "kausha damu" hawashindwi kueleweka. Mtu asiyejua kusoma haokolewi na karatasi hata iwe nzuri namna gani, ndiyo maana sheria ya ajira ya mwaka 2004, kifungu cha 15, humtaka mwajiri amweleze mfanyakazi masharti yake kwa namna atakayoelewa. Na makarani wasio mawakili wataendelea kuandika, ijapokuwa Sheria ya Mawakili huwakataza kufanya hivyo kwa malipo. Lakini hao nao hunakili, na hunakili kutoka kwa mawakili. Fomu ikisafishwa ofisini kwa wakili, baada ya mwaka mmoja huonekana kwa karani wa stendi.

Mfano wetu ukiandikwa upya huwa hivi:

"1. Muuzaji anawajibika kumpa mnunuzi kilo 30,000 za mahindi makavu, zikiwa katika magunia ya kilo 100. 2. Makabidhiano yatafanyika katika ghala la muuzaji lililopo Vwawa. Muuzaji anawajibika kuwa na mzigo tayari kabla ya saa sita mchana, kwa saa za Tanzania, tarehe 15 Julai. Tangu hapo nauli na ushuru ni juu ya mnunuzi. 3. Mnunuzi ana haki ya kupima mzigo kabla ya kuupokea. 4. Mnunuzi anawajibika kumlipa muuzaji kwa kwacha za Zambia, kwa kiasi kilichotajwa mwisho wa mkataba huu, ndani ya siku saba kuanzia siku inayofuata siku ya kupokea mzigo. 5. Asiyetimiza wajibu wake atamlipa mwenzake fidia ya hasara iliyotokea, isiyozidi shilingi milioni tano. 6. Wakikosana, kwanza watakutana mbele ya mtu waliyemchagua wote wawili, ambaye atawasaidia kupatana bila kuwaamulia. Wasipopatana ndani ya siku 30, kila mmoja ana haki ya kwenda mahakamani nchini Tanzania."

Msomaji ataona kwamba maandishi haya ni marefu zaidi ya mara mbili kuliko yale ya kwanza, na wapo watakaosema basi hayo si lugha nyepesi. Ataona pia kwamba katika kifungu cha sita hatukulitumia neno "usuluhishi". Mpaka lipatiwe maana moja katika orodha zetu, tumeona ni salama zaidi kueleza tendo lenyewe.